Maneno ya Mwisho Niliyomtungia Mama Yako

Mwanangu Adelina,

Nakuandikia nikiwa ndani ya banda letu la video hapa Milanzi, mlango nimeufunga kwa ndani. Wewe na mdogo wako Sesilia mmekwenda Kaengesa kumuaga bibi yenu, na namjua mama mkwe wangu, hatawaacha mtoke bila kula. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda kuanza chuo Morogoro. Mambo ya blanketi, ya kufunga begi kwa kufuli, ya nani usiongee naye njiani, shangazi yako ameshayasema mpaka umeyakariri. Sitayarudia.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo la juzi. Nilikukuta chumbani umekaa sakafuni, begi liko wazi, na nguo zote ulizokuwa umezipanga umezirudisha kwenye sanduku. Nikauliza kuna nini. Ukasema bila kuniangalia, "Baba, nadhani nisiende kwanza. Labda mwakani. Mama alisema nisimwache Sesilia."

Nilisimama pale mlangoni na jibu ninalo mdomoni. Kisha nikasema nakwenda kuangalia kama kuku wamefungiwa. Ulinitazama nikitoka. Tulijua wote wawili kwamba kuku ulikuwa umeshawafungia mwenyewe.

Jana shangazi yako alikubembeleza, ukazipanga nguo upya, lakini uso wako nimeuona. Unaondoka kama mtu anayetoroka. Sitaki uondoke hivyo kwa ajili ya maneno ambayo mama yako hakuyasema.

Soma tena hapo kama hukuelewa. Hakuyasema. Niliyatunga mimi. Nitakueleza ilivyokuwa, na nitaanza mbali kidogo, kwa sababu ukianzia katikati utadhani nilikuwa mtu mbaya tu, na ukweli ni kwamba nilikuwa mtu niliyezoea.

Kabla hujazaliwa nilikuwa tayari natafsiri sinema. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, nilichokipata shuleni kabla baba hajaniita nirudi kulima ulezi. Lakini nilikuwa na sauti. Nilikaa hapa mbele, pembeni ya televisheni, kipaza sauti mkononi, na kila aliyefungua mdomo kwenye kioo alitoka na Kiswahili changu. Mzee nilimpa sauti ya mzee, mwanamke nilimpa ya mwanamke, jini nilimpa ya jini. Watu waliniita Mkalimani. Na pale nisipoelewa walichosema, nilitunga. Hakuna aliyewahi kunikamata. Mtu akizoea kutunga maneno ya watu wasioweza kumkanusha, inakuwa kazi nyepesi mno.

Sinema zilizojaza banda hili ni zile za mashujaa wenye nguvu za ajabu, wanaoruka bila mbawa na kunyanyua magari kwa mkono mmoja. Vijana walikuwa wanabishana tangu asubuhi kwenye vijiwe vya bodaboda: nani ana nguvu kuliko nani, na je, yule mkubwa wao atakufa kweli? "Steringi hafi, mshikaji," mmoja angesema, na mwingine, "Safari hii anakufa, nimeambiwa na mtu aliyeiona." Na kweli wakati mwingine alikufa. Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa ngumu na tamu. Maana hawa watu hawafi kama sisi. Anakufa akiwa amepakatwa. Muziki unashuka. Adui anasubiri kwa adabu mpaka amalize. Anasema maneno marefu yaliyopangwa vizuri, anamsamehe mmoja, anamkabidhi mwingine kazi, ndipo anafumba macho. Nilikuwa nayafanya maneno hayo mpaka wanaume wanainamisha vichwa.

Mama yako alikaa mlangoni na beseni lake la karanga, wewe ukiwa mapajani mwake. Vifo vile vilikuwa vinamchekesha. Siku moja shujaa alikuwa amechomwa mkuki kifuani na bado anaongea, nami nimefika pale penyewe, sauti inatetemeka, banda zima kimya. Mama yako akasema kwa sauti, "Huyu kifua kimetoboka lakini pumzi ya kuhutubia anayo."

Nikaweka mkono kwenye kipaza sauti. "Yustina, nyamaza bwana. Watu wanalia."

"Na mimi nalia. Nalia njaa. Akimaliza hotuba nishtueni."

Banda likaangua kicheko. Shujaa alikufa watu wakiwa wanapigana mabega kwa kucheka. Nilikasirika, na tulipofika nyumbani nikamuuliza kwa nini ananiharibia kazi. Alikuwa anakuvua viatu, umeshalala. Akasema taratibu, bila mzaha tena, "Mimi baba yangu alikufa nikiwa nimemshika. Aliomba maji. Nilipoyaleta alikuwa ameshakwenda. Basi. Hakusema neno la mtu kukumbuka. Nikiwaona hao wa kwako naona wivu, nadhani ndiyo maana nacheka."

Hilo nililisikia, mwanangu. Nililisikia kwa masikio yangu mawili, na bado nikaja kufanya nilichofanya.

Kifo chake unakijua kwa juu juu. Ilikuwa masika, Sesilia hajafikisha mwaka, ndiyo kwanza anasimama kwa kushika kiti. Mama yako aliteremka Wampembe, ziwani, kununua migebuka, wale samaki wakavu, ya kuja kuuza sokoni hapa, safari aliyokuwa ameizoea. Alimwacha Sesilia kwa bibi. Wakati wa kurudi walipanda Fuso lililobeba samaki, wao wamekaa juu ya magunia, na kwenye mlima ule barabara ilikuwa tope tupu. Gari lilishindwa, likaanza kurudi nyuma, likaenda bondeni. Nilipigiwa simu nikiwa hapa hapa, katikati ya sinema. Nilifika na pikapu ya kukodi. Walikuwa wamemlaza kwenye sakafu ya zahanati, amefunikwa kitenge cha mtu mwingine. Hakuna muziki ulioshuka. Nje kulikuwa na mama anauza maandazi.

Tulimzika Kaengesa, kwao, kwenye ukungu na manyunyu. Ulikuwa na miaka saba. Hukulia, na watu wakasema mtoto haelewi. Ulikuwa unaelewa, ila kwa namna niliyokufundisha mimi. Mwaka ule tulikuwa tumeonyesha sinema ambayo shujaa alizikwa kabisa, jeneza, udongo, watu wazima wamevua kofia. Baadaye ikaja nyingine, pati tuu yake, na yule yule akatoka ardhini mzima, anang'aa, na banda lililipuka kwa makofi. Wewe uliziona zote mbili.

Wiki chache baada ya mazishi ukanifuata nikiwa napasha uji wa Sesilia. Ukauliza, "Baba, pati tuu ya mama italetwa lini?"

Nilidhani sijasikia vizuri. Ukarudia.

"Haina pati tuu, mwanangu," nikasema.

"Nani kasema?"

Sikuwa na wa kumtaja. Nilisema tu, "Haina," nikageukia uji, ukaungua.

Ukaanza kwenda kukaa barabarani. Kila gari lililotoka upande wa Namanyere, njia aliyokwenda nayo mama yako, ulisimama, ukaangalia wanaoshuka, ukakaa tena. Majirani walikuwa wanakurudisha kwangu, midomo yako imekauka kwa upepo. Ndani Sesilia alikuwa anamlilia mama yake usiku na mchana, maziwa ya ng'ombe anayatapika, anapungua mpaka nilikuwa naogopa kumbeba. Nami banda nimelifunga, shamba limejaa majani, ndugu waliokuja kwenye msiba wameshaondoka mmoja mmoja. Sikuelezi hivi ili unihurumie. Nakueleza ili ujue mtu anakuwa wapi anapofanya jambo kama lile.

Jioni moja nilikurudisha kutoka barabarani nimekushika mkono. Ulipokaa ukasema, "Kama harudi, basi alisema nini? Wote wanasema kitu kabla hawajafa. Mama alisema nini?"

Ulikuwa unanitazama kama wale waliokuwa wananitazama hapa bandani, unasubiri nifungue mdomo.

Nikafungua. Nikasema, "Alikutaja jina. Alisema, Adelina, usimwache Sesilia. Wewe sasa ndiye mama yake."

Niliyasema kwa sauti ile ile niliyokuwa nawapa wanawake wanaokufa kwenye sinema, ya chini, yenye pumzi katikati ya maneno. Sikukusudia. Ilitoka yenyewe.

Wewe ukajifuta uso kwa kiganja. Ukainuka, ukaenda kwenye mkeka, ukamwinua Sesilia ambaye hata alivyopungua bado alikuwa mzito kwako, ukachukua kitenge cha mama yako kwenye kamba, ukajaribu kumfunga mgongoni. Alikuwa anateleza. Nilikuja nikakusaidia kukaza fundo. Na nitakuambia kitu kinachoniumiza kuliko uongo wenyewe: nilisikia nafuu. Siku ile hukurudi tena barabarani. Sesilia alinyamaza mgongoni mwako akalala. Nilikaa kwenye kigoda nikapumua kwa mara ya kwanza tangu simu ile.

Kwenye sinema zile kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kuliona vizuri mpaka nilipoliona nyumbani kwangu. Shujaa mkubwa akifa, vazi lake haliendi naye kaburini. Linabaki. Linatundikwa mahali, mwanga unalipiga, na unajua kabisa kabla sinema haijaisha atatokea kijana, mara nyingi ni mtoto tu, atalivaa. Linampwaya kidogo. Watu wanashangilia. Mimi mwenyewe nilikuwa nawashangiliza, "Hatimaye! Amepatikana mrithi!" Hakuna anayeuliza yule mtoto alikuwa anataka kuwa nani kabla ya hapo. Na hakuna anayebaki kumlilia aliyekufa, maana vazi linaonekana linatembea.

Ndivyo tulivyokufanya hapa mtaani. "Mtoto huyu ni mama kabisa." "Mungu alimchukua Yustina akakuachia Yustina mwingine." Nilikuwa naitikia kwa fahari. Akina baba wengi huku kwetu huwaita binti zao "mama" kwa mapenzi tu. Mimi nilikuita hivyo nikimaanisha kazi. Mama, maji. Mama, mtoto analia. Ukiwa darasa la tatu ulikuwa unasonga ugali wa nyumba nzima umesimama juu ya tofali. Lile kovu la mkononi mwako ni la sufuria ya maharage, ulijimwagia ukijaribu kuipua huku Sesilia amekushika sketi. Jioni wenzako walikuwa wanacheza rede hapo nje, nasikia kelele zao, na wewe unapiga deki. Hukuwahi kulalamika. Ningekuwa na akili ningejua kwamba mtoto asiyelalamika kabisa amebeba kitu.

Ulipochaguliwa kwenda kidato cha tano shule ya bweni, ulikuja na habari hiyo huna hata tabasamu. Ukasema, "Nitaomba uhamisho nisome kutwa hapa mjini. Unajua baba, mama alisema." Nilikuwa nachaji betri. Niliinama nikaendelea kukaza waya. Nilikuwa na nafasi ya kusema wakati ule, wazi kabisa, mchana, tuko wawili. Lakini nyumba ilikuwa safi, chakula kilikuwa tayari, Sesilia alikuwa anaongoza darasani kwa sababu yako. Nilinyamaza kwa sababu uongo ule ulikuwa unanipikia.

Kabla ya hapo kulikuwa na mtu aliyejaribu kuniamsha bila kujua. Unamkumbuka mzee Masanja, yule Msukuma mfugaji aliyekuwa anapandisha ng'ombe mnadani kutoka bondeni, mrefu, anavaa shuka na koti la suti. Alikuwa hapendi sinema. Alikuja mara ya kwanza kwa sababu ya mvua.

Siku hizo nilikuwa nimerudi kutafsiri, lakini nilikuwa nimeharibika kidogo. Nilikuwa siwezi tena kumfanya mtu afe. Shujaa akianguka, macho yamefumba, wenzake wanalia, mimi nasema kwenye kipaza sauti, "Hajafa jamani, amezimia, atazinduka." Vijana walikuwa wanazomea. "Mkalimani, tunaona jeneza!" Nami nasema, "Ni geresha ya kuwadanganya maadui." Nilikuwa nawadanganya watu wanaoona kwa macho yao.

Ilikuwepo sinema moja ambayo mkubwa wao alikufa kweli, bila kurudi. Mwishoni wanamuaga kando ya maji. Wote waliopigana naye wamesimama kwa safu, kila mmoja na nguo nyeusi, na karibu hakuna anayesema neno. Wanatazama maji tu. Mzee Masanja aliiona siku ile ya mvua, wakati nimetoka nje kuongeza mafuta kwenye jenereta, kwa hiyo sehemu ile ilipita bila sauti yangu. Juma lililofuata akarudi, akaomba niiweke tena. Nikaiweka. Tulipofika kwenye maji nikaanza kazi yangu: amelala huyu, wanamsubiri, atarudi na nguvu maradufu.

Watu walipotoka yeye alibaki kwenye benchi.

"Mkalimani," akasema, "yule amekufa."

"Ndiyo mzee. Lakini watu hawapendi. Wanapenda arudi."

"Watu gani?"

Nikaanza kupanga mabenchi.

"Mimi nina kijana wangu," akasema. "Mto ulimchukua akivusha ng'ombe. Tulitafuta mpaka tukachoka, hatukumpata. Sikumzika. Sina mahali pa kusimama. Siku ile ya mvua nilisimama na wale pale kwenye maji, ukiwa nje. Leo nimekuja nisimame tena, na wewe umenisemea maneno masikioni mwanzo mpaka mwisho." Akavuta shuka lake. "Rudisha pale. Halafu unyamaze."

Nikarudisha. Nikazima kipaza sauti, nikakiweka chini. Tulikaa wawili kwenye banda tupu tukawatazama wale watu wamesimama kando ya maji. Hakulia kwa sauti. Mabega tu yalikuwa yanapanda na kushuka. Mimi nililia kama mtoto, na ilikuwa mara ya kwanza kumlilia mama yako, kwa maana tangu afe nilikuwa nimejaa maneno. Ilipoisha aliinuka, akaniambia, "Asante kwa kunyamaza," akatoka kwenda kwa ng'ombe wake.

Jioni ile nilitembea kwenda nyumbani nimeamua nikuambie. Nilikukuta unafua sare ya Sesilia, mikono imejaa povu mpaka viwiko. Ukasema, "Shikamoo baba, mbona macho mekundu?" Nikasema ni vumbi. Nikaomba maji ya kuoga. Ukainuka ukaenda kuyapasha.

Sasa nakuambia kile ninachokijua kweli kuhusu mama yako, kwa sababu sitaki nikunyang'anye maneno niliyokupa nikuache na shimo tupu. Bi Felista, yule muuza samaki wa sokoni anayechechemea, alikuwa kwenye gari lile. Alikuwa amekaa bega kwa bega na mama yako. Nilipokwenda kumwona hospitali nilimuuliza swali lile lile uliloniuliza wewe. Akaniambia walikuwa wanaongea habari za chumvi, kwamba safari ile wavuvi wameibana, samaki hawakukolea. Mama yako akasinzia, kichwa kikawa kinamlalia Bi Felista begani. Akaamka akasema, "Sogea kidogo dada, mguu umekufa ganzi." Bi Felista akasogea. Ndipo gari likaanza kurudi nyuma.

Ni hayo tu. Hakukuachia kazi. Hakukutaja wewe wala Sesilia wala mimi, na si kwa sababu hakutupenda, ni kwa sababu alikuwa anakuja nyumbani. Mtu anayekuja nyumbani haagi. Alidhani atatuona jioni, atakuta uji umeungua, atanigombeza. Nimeyabeba maneno hayo miaka yote hii nikiyaona madogo mno, hayafai kumpa mtoto. Siku hizi nayaona ndiyo yake kabisa. Ungemsikia akiyasema, ungecheka.

Nilikusikia mwaka jana ukimwambia Sesilia zile sinema ni za kitoto, watu wanakufa leo wanarudi kesho. Hapo sina ubishi. Mwenye kampuni anajua jina la yule mtu bado linauza, kwa hiyo hamwachi alale. Lakini huwa nawaza kwamba wanaozitengeneza nao wamefiwa, na kwamba mara moja moja, katikati ya makelele yote yale, mmoja wao anachoka kudanganya, anawasimamisha watu kando ya maji na kuwaacha kimya. Sijui. Wewe unakwenda kusoma upimaji wa ardhi, utajifunza kuweka alama mahali mipaka ilipo, si mahali mtu anapotamani iwe. Ningeanza maisha na kazi kama hiyo labda ningekuwa baba mwingine.

Kuna jambo la Sesilia. Jana, wewe ukiwa dukani, alikuja hapa amevaa aproni yako, ile ya bluu. Imemfika magotini. Akasimama mbele yangu kama askari akasema, "Baba, da' Adelina akiondoka, mimi ndiye nitakuwa dada, si ndiyo? Nimeshajua kupika maharage."

Nilimwambia aivue. Nilisema kwa ukali kupita kiasi, akaanza kulia, ikabidi nimkalishe hapa benchi nimweleze. Nikamwambia hakuna atakayekuwa wewe. Ukiondoka patakuwa na pengo pale jikoni, na pengo lile tutaliacha lilivyo, tutapita pembeni yake, na chakula nitapika mimi. Akaniangalia. "Wewe baba? Ugali wako una mabuja." Nikamwambia tutakula hivyo hivyo na mabuja yake. Hakuridhika, bado anadhani natania. Lakini hataivaa. Nimeikunja, ipo kwenye begi lako chini kabisa. Ni yako, ufanye nayo utakavyo, hata ukiitupa.

Nilifikiri nikufichie barua hii kwenye begi uisome ukiwa umeshafika mbali, mimi nikiwa salama huku. Nimeona huo nao ni ujanja. Nitakupa mkononi leo, jua likiwa bado lipo, na nitakaa hapo uani wakati unasoma ili ukitaka kuniuliza uniulize. Sitakuwa na majibu mazuri. Kuna mambo utaniuliza na nitanyamaza, na safari hii kunyamaza kwangu kutakuwa kwa kweli.

Siombi unisamehe kabla ya basi kuondoka. Watu wa kwenye sinema husameheana haraka kwa sababu dakika zimewaishia. Sisi hatuna haraka hiyo. Kasirika kwa muda wako. Ukifika Morogoro na bado una hasira, nipigie unitukane, nitapokea simu. Usipopiga, nitaelewa, nitakuwa nauliza habari zako kwa shangazi yako. Miaka ile ya rede na shule ya bweni siwezi kukurudishia, na sitajifanya kwamba kuna siku nitaweza.

Ila kesho panda basi, Adelina. Sesilia ana baba. Panda, ukae dirishani, na ukiona unalia, usitafute sababu nyingine. Mlilie mama yako. Hukupata nafasi.

Baba yako,
Deogratias